Makusanyo Yalipoanza Kubaki Mjini

Nilipoajiriwa karani wa hesabu mwishoni mwa miaka ya 1980, ofisi ya maji ya mji wetu ilikuwa idara ya Serikali tu. Tulichokusanya tulikipeleka mfuko mkuu, na tulichohitaji, kuanzia klorini hadi mpira wa koki, tulikiomba huko huko. Fungu likichelewa, pampu zililala. Fundi wetu mkuu alikopa valvu madukani kwa jina lake mwenyewe ili mji upate maji. Watu wa namna ile tuna deni lao.

Wateja wengi hawakuwa na mita. Walilipa kiwango kimoja kwa mwezi, wa ndoo mbili sawasawa na mwenye bustani na ng'ombe.

Sera ya Maji ya 1991 ilileta suala la wananchi kuchangia gharama. Baadaye miji ikapata mamlaka za maji zenye bodi na akaunti zake, na makusanyo yakaanza kubaki. Hapo ndipo tulipoujua uzito wa bili ya umeme, maana sasa tuliilipa wenyewe.

Lakini kilichotufumbua macho ni mita kubwa iliyofungwa kwenye bomba la kutokea tangini. Kila mwisho wa mwezi niliweka uniti zilizotoka kando ya uniti zilizolipiwa, na pengo lake lilitisha. Uniti moja ni lita 1,000, madumu 50. Kila uniti iliyopotelea kwenye bomba bovu, mita iliyokufa au maunganisho ya wizi ilikuwa imeshapandishwa kwa umeme na kutiwa dawa. Gharama tulishaingia, mauzo hatuna. Kuziba mivujo kulituingizia fedha kabla hatujagusa bei.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilipoanza kazi mwaka 2006, bei ikawa haipandi bila wateja kusikilizwa, nasi tukalazimika kuzitetea hesabu zetu mbele yao. Niliona ni haki. Malipo ya simu nayo yakaondoa foleni dirishani, na fedha taslimu zikaacha kupita mikononi mwa watu wengi.

Linaloniuma ni madeni ya taasisi za umma. Mama lishe akichelewa kulipa anakatiwa, ilhali ofisi kubwa inadaiwa miezi na maji yanatiririka. Wakuu wa taasisi, lipeni ankara zenu kila mwezi: fedha hizo ndizo zinazowasha pampu.