Nani kakwambia chenga ni uchafu?

Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini kazi nazo hazijanihurumia. Leo nina mchapo mrefu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Nina rafiki anayekusanya filamu. Hapakui, ananunua diski, tena si diski yoyote bali zile za toleo maalumu: kasha la bati, kijitabu ndani, na namba ya kukuonyesha kwamba wewe ni mmoja wa wachache waliobahatika. Rafu yake ya sebuleni ina thamani kuliko gari langu (wanaolijua gari lenyewe watasema hiyo si ajabu).

Tuligombana juu ya Terminator 2. Filamu hiyo ya James Cameron ilitoka 1991, na wengi wetu tuliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa. Mwaka 2017 ikatolewa kwa diski ya 4K. Wakusanyaji wakatengenezewa kasha lao lenye namba, na ndani yake mkono wa chuma wa Terminator wa ukubwa halisi. Bei ilizidi dola 100. Rafiki yangu alilipata kupitia binamu yake aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka Marekani, na kwa wiki nzima hatukusikia habari nyingine.

Kisha akaitazama diski yenyewe. Alinipigia simu usiku: "Bwana, Schwarzenegger amepakwa nta!"

Nilienda kesho yake. Kusema kweli, mimi sikuona tatizo. Picha ilikuwa safi, imetulia, hakuna vidoti vinavyochezacheza ukutani. Nikamwambia umelipia usafi, umepata usafi, sasa unalia nini? Akasimamisha picha kwenye uso wa mtu, akaniambia nisogee na nitafute vinyweleo vya ngozi. Nikatafuta. Ngozi ilikuwa laini kama ya mwanasesere.

Hapa wacha nieleze kidogo kiufundi. Filamu ya zamani ni utepe wenye mamilioni ya chembe ndogo zinazoathiriwa na mwanga, zimetawanyika bila mpangilio. Ikishasafishwa, picha unayoiona imeundwa na alama zilizoachwa na chembe hizo. Hakuna picha iliyojificha nyuma yake. Na kwa kuwa fremu 24 za kila sekunde zina mtawanyiko tofauti, jicho linaona kitu kama mchanga unaotetemeka. Wakusanyaji wanaupenda mchanga huo. Watu wengine, nikiwemo mimi wakati huo, tunadhani runinga imeharibika.

Mbona basi waliufuta? Nakala ya 2017 ilitokana na kazi ya kuigeuza filamu kuwa ya 3D, iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema mwaka huohuo. Katika 3D kila jicho hupata picha yake, na chembe zikiachwa zinaweza kuonekana kama vumbi lililonata juu ya vitu. Kwa hivyo zinapunguzwa. Jambo hilo lina mantiki kwa 3D. Tatizo ni kwamba picha hiyohiyo iliyopigwa pasi ndiyo ikaingia kwenye diski ya kawaida ya 4K. Diski ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8 katika kila fremu, lakini pikseli haziwezi kurudisha kilichofutwa kabla hazijahesabiwa.

Na hapo ndipo utaona kichekesho cha matoleo ya nakala chache. Namba kwenye kasha inakueleza uchache, haikuelezi picha. Kampuni ya Twilight Time ya Marekani, iliyofunga kazi mwaka 2020, ilikuwa ikitoa nakala 3,000 tu za filamu nyingi ilizouza. Fright Night ya 1985 ilipotolewa nao 2011 ikaisha, na waliochelewa wakalanguliwa vibaya. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo ikaitoa tena, nakala 5,000. Aliyelipa bei ya ulanguzi alikuwa amenunua uchache, na uchache wenyewe ukaisha. Lakini mkono wa chuma una faida moja: unaweza kuning'iniza funguo.

Nilimwambia rafiki yangu hayo yote huku nikicheka. Nilikuwa na sababu ya kuutetea usafi, kwa sababu wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na mradi wangu wa kusafisha.

Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1990 huko Kericho, na mjomba akakodi mtu wa video. Kanda hiyo ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku. Nikaazima mashine ya kuchezea kanda, nikaiunganisha na tarakilishi na kuirekodi yote. Ilikuwa imejaa chenga. Nikaketi usiku mmoja nikaandika mistari kama 40 ya msimbo: kwa kila pikseli, chukua fremu tano zinazofuatana, panga thamani zake kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chagua ya katikati. Eneo kubwa likisonga kwa pamoja, kama mtu anayetembea, liache. Kinachotokea kwenye fremu moja na kupotea kwenye inayofuata ni uchafu. Futa.

Ilifanya kazi vizuri mno. Nilijipongeza. Kisha, kwa sababu diski ya tarakilishi ilikuwa imejaa, nikafuta rekodi ya kwanza. Niliona kanda si ipo? Siku mbili baadaye nikataka kurekodi tena dakika chache za mwisho, mashine ikaikamata kanda na kuila. Iliyotoka ilikuwa imekunjamana na kukatika vipande.

Krismasi nikawakalisha wazazi mbele ya runinga. Mama alitazama kwa furaha, akiwataja watu mmojammoja, na walio hai na waliotangulia. Tukafika pale maharusi wanapotoka kanisani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mbona hakuna mvua?"

Mvua ya siku hiyo inajulikana kwa kila mtu nyumbani kwetu. Baba anaisimulia kila mwaka: ilivyomwagika pale tu walipotoka mlangoni, jinsi wazee wa pande zote mbili walivyokubaliana kwamba ni baraka, na jinsi hakuna aliyekimbilia kujikinga. Kwenye kanda ilikuwa ikionekana, michirizi myeupe mbele ya mikaratusi. Lakini tone la mvua linafanya nini kwenye video? Linatokea kwenye fremu moja, kwenye inayofuata halipo. Msimbo wangu ulikuwa umetii amri yake. Kwenye runinga watu walisimama kwenye jua ambalo halikuwapo, nguo zimewaganda mwilini, wakicheka bila sababu.

Nilijaribu kumweleza Mama habari za pikseli. Baba hakusema lolote, ila aliniomba niongeze sauti. Sauti sikuwa nimeigusa. Mvua ilisikika ikipiga mabati ya kanisa, kubwa kabisa. Akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho.

Najua chenga za kanda si sawa na chembe za filamu. Chembe ndizo picha, chenga zinaletwa na kanda na mashine. Lakini mashine ya kusafisha haijui tofauti hiyo, wala haijui mvua ni nini. Inajua kinachobadilika na kisichobadilika, basi. Anayeamua kipi ni uchafu ni mtu, na safari hiyo mtu huyo nilikuwa mimi, saa saba za usiku, bila kumwuliza aliyekuwapo.

Mabishano yenyewe hayajaisha. Machi 2024 zilitoka diski za 4K za Aliens, The Abyss na True Lies, zote za Cameron, na safari hii programu zilizofundishwa kwa mifano mingi zilitumika kunoa picha. Wakusanyaji wakalalamika tena juu ya nyuso za nta. Cameron ameitetea kazi hiyo, na kazi ni yake, ana haki ya kuifua apendavyo. Ninachoomba ni kwamba isiyofuliwa nayo ibaki mahali, ili mwenye kumbukumbu tofauti apate pa kuangalia.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwomba radhi. Alicheka, kisha akaniuliza swali la kitaalamu kabisa: "Na wewe, mtu wa tarakilishi, hukuwa na nakala ya akiba?"

Sikuwa nayo. Sasa kila kitu ninachorekodi kina nakala mbili, na hakuna msimbo wangu unaoruhusiwa kuzigusa.

Haya, kwaherini kwa leo. Kanda za nyumbani zikiwapo, zirekodini mapema, na chenga zake zote.