Nguzo Zipo, Nuru Haipo

Kuna maneno yanayonikera kila niyasikiapo, na majuzi niliyasikia tena kutoka kwa mtu nimpendaye, mjomba wangu aliyeko kwetu katika ukanda wa dhahabu, nilipomuuliza kwa simu habari za taa za ile bustani iliyo kati ya soko na zahanati. Alinijibu kwamba zimekufa zote, zimebaki nguzo, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa kwamba taa kwetu hazidumu kwa sababu watu wetu ni wezi, "lakini huko uliko wewe, mjomba, watu wamestaarabika, taa haiguswi." Nilinyamaza kwa heshima, maana mjomba habishiwi mbele ya watoto wake, walakini ghadhabu iliyonipata haijatulia hata leo, na kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu ni watu wa Shinyanga, Kahama na Geita walio ughaibuni kama mimi, ambao aghalabu wamepata kuambiwa maneno hayo hayo na jamaa zao, nimeona ni wajibu niyajibu kwa maandishi.

Naishi St. Paul, mji mkuu wa jimbo la Minnesota, si mbali na ziwa Como, ambalo limezungukwa na njia ya miguu ambayo mtu mwenye siha ya kawaida huimaliza kwa nusu saa na ushei. Katika nchi hii jua la Juni huchelewa kutua hata saa tatu za usiku, na lile la Desemba hutua saa kumi na nusu za jioni, wakati watoto wanatoka shule na wazazi wao wangali kazini. Kwa hiyo taa ya njia ya miguu ni faradhi kwa mji, maana asiyeweza kutembea gizani hukaa ndani nusu ya mwaka. Taa za huku zina umbo la fanusi la kizamani, zimesimama juu ya nguzo zisizo ndefu, na zilipokuwa zikiwaka mwanga wake ulianguka juu ya theluji na juu ya mabata bukini waliolala kando ya maji, hata mgeni kama mimi akajiona amekaribishwa. Kisha ukaja msimu zikazimika, fanusi baada ya fanusi, na wakimbiaji wa jioni wakaanza kujifunga tochi vipajini. Nikawa nawaona kwa mbali wakilizunguka ziwa katika kiza kama wachimbaji wetu wa Nyarugusu watokapo katika maduara usiku.

Na zilizimika kwa sababu gani? Ziliibiwa nyaya. Chini ya kila nguzo kuna kijilango cha chuma ambacho fundi hukifungua ili aunganishe umeme. Mwizi hukivunja, hukata waya wa shaba, huufunga nyuma ya gari na kuuvuta wote kutoka ardhini, na kabla ya mapambazuko huwa amekwisha kuuchoma ganda ili auuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mji wa St. Paul ulitumia zaidi ya dola milioni 1 katika mwaka 2023 pekee kuzitengeneza taa zilizoharibiwa namna hiyo, na shida ilizidi hata mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba auzaye shaba chakavu sharti awe na leseni. Kule Los Angeles walifungua daraja la Sixth Street mwezi wa Julai 2022 kwa fakhari kubwa, likang'aa hata likawa pambo la mji, na haikupita miaka mingi nyaya za shaba za urefu wa karibu maili 7 zikawa zimeng'olewa humo na daraja zima likalala gizani. Hao ndio watu ambao mjomba wangu anasema taa kwao haiguswi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naona uchungu mkubwa watu wetu wanapojihukumu kwa kosa ambalo dunia nzima inalitenda. Mwizi wa shaba yuko Minnesota, yuko California, na bila shaka yuko Kahama. Tofauti iko katika mambo yanayofuata baada ya wizi, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize. Huku kila nguzo ina nambari yake, na mkazi aliyeiona imezima huitaja nambari hiyo kwa idara inayohusika, na taarifa ikaandikwa. Katika bajeti ya kila mwaka kuna fungu la matengenezo, dogo au kubwa, ambalo diwani mmoja hulitetea na mwingine hulipinga hadharani. Na yupo fundi ambaye kazi yake, awe amechelewa au amewahi, ni kuirudia nguzo ile. Zimeshindwa nyaya za shaba, wakaanza kujaribu za alumini ambazo mwizi hapati kitu kwazo. Yamevunjwa malango ya chini, mafundi wakayachomea au wakayahamishia juu. Na Los Angeles wameanza kusimamisha taa za sola, ambazo hazina waya wa kuibwa ardhini. Sisemi mambo huku ni kamili, maana nimepita gizani Como majira mazima, na barua za wakazi wenye hasira nimezisoma. Nasema kwamba taa iliyokufa huku huwa ina mtu anayedaiwa.

Na kwetu je? Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Mwadui zama za Dakta Williamson, yule Mkanada aliyeivumbua almasi yetu mwaka 1940 na kuumiliki mgodi hata alipofariki mwaka 1958. Mwadui ya wakati huo ilikuwa na mtambo wake wa umeme, hospitali yake, shule yake na uwanja wake wa ndege, vyote ndani ya uzio, ilhali vijiji vilivyouzunguka vilikuwa na koroboi. Babu alikuwa mbeba ngazi wa fundi wa taa. Kila jioni walizunguka njia za nyumba za wafanyakazi, fundi akitazama juu na babu akiwa na ngazi begani na kikapu cha balbu mkononi, na iliyokufa jana ilikuwa hai leo. Alikuwa akitusimulia haya kwa taadhima, kana kwamba ameshika cheo, na sasa nimefahamu kwamba kweli alikishika. Nikumbushe pia kwamba mgodi ule uliwashuku watu wake usiku na mchana, ukawapekua kwa hofu ya almasi. Hakuna aliyewahi kudai kwamba taa za Mwadui ziliwaka kwa sababu wakazi wake walikuwa waaminifu kuliko jirani zao wa nje ya uzio. Ziliwaka kwa sababu kulikuwa na ngazi, na kikapu, na mshahara wa mtu wa kuvibeba.

Fedha nazo hazijakosekana kabisa, ingawa najua wapo watakaonijia juu kwa kusema hivyo. Hapo zamani mikataba ya migodi mikubwa ililipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka na basi, kisha ukaja ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yakamtaka kila mwenye mgodi apatane na halmashauri juu ya mpango wa kuwanufaisha wenyeji. Na kabla ya hapo mkopo wa Benki ya Dunia ulikwisha kuipitia miji 18, Shinyanga na Geita zikiwamo, ikapata lami na mitaro. Barabara kuu zina TANROADS, za mitaa zina TARURA tangu 2017. Bali njia ya miguu ndani ya bustani ni ya halmashauri, na mbele ya halmashauri wanasimama watoto wasio na madarasa na akina mama wasio na wodi, na ni nani atakayesimama katika kikao cha madiwani aseme kwamba betri ya taa itangulie? Mimi nasema angalau isisahauliwe, kwa kuwa yule mama asiye na wodi huifikia zahanati kwa kupita katika njia ile ile, saa nane za usiku, amemshika mkono mama mkwe wake.

Taa za bustani yetu zilikuwa za sola. Zilizinduliwa kwa utepe na ngoma ya Wagoyangi na nyoka wao, na miezi ya mwanzo zilikuwa neema: watoto wakikusanya kumbikumbi chini yake mvua za kwanza zilipoanguka, wasichana wa kidato cha nne wakileta vitabu vyao, wauza karanga wakikaa hata usiku mkubwa. Halafu zikaanza kuwaka hadi saa nne, kisha hadi saa mbili, kisha zikakoma. Mjomba mwenyewe, kabla hajafika kwenye hukumu yake juu ya wezi, alinieleza kwamba kijana mmoja wa mtaani alipanda akakiteremsha kichwa kimoja, na ndani wakakuta kiota cha nyigu, paneli imevaa vumbi jekundu nene kama ngozi, na betri imo mahali pake, imevimba. Betri imo! Mwizi gani huyo aachaye betri?

Kilichoiua betri ile ni joto na vumbi. Betri ya risasi na asidi hupungukiwa na nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto lizidilo 25, na ile iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma chini ya paneli, katika jua la Septemba la Shinyanga, huishi katika tanuri. Na paneli isiyofutwa tangu Mei hata mvua za Novemba haiwezi kuijaza, kwa hiyo kila usiku huanza ikiwa na njaa na kuishia ikiwa imekauka. Taa yenyewe, ile ya LED, haina hatia. Kwetu usiku ni wa saa 12 mwaka mzima, majira yote, na hesabu yake ni nyepesi kuliko ya Minnesota: saa 4,380 kwa mwaka, ilhali vijitaa vya LED vilivyo bora hutajwa kudumu saa 50,000, yaani zaidi ya miaka kumi. Tumeikatia tamaa taa ambayo ingali na miaka minane ya kuishi kwa sababu ya betri, tambara na ndoo ya maji.

Kwa hiyo rai yangu kwa mjomba, tulipozungumza tena, ilikuwa kwamba wasisubiri mradi mpya. Nguzo zilizopo zigongwe chini kwa nyundo, isikilizwe ipi imeliwa na kutu, na zilizo nzima zibaki, kwa maana nguzo na msingi wake wa zege hugharimu sehemu kubwa ya fedha za taa. Zilizo jirani na zahanati ziunganishwe na umeme wa TANESCO ambao zahanati inao tayari: taa ya wati 30 hula uniti 131 hivi kwa mwaka, wakati taa zile za zamani za rangi ya machungwa zingekula kama 500. Zilizo mbali zibaki na sola, zitiwe betri za lithiamu zinazostahimili joto kuliko zile za risasi, na kichwa kifungwe mbali kidogo na mgongo wa paneli ili hewa ipite. Hakuna haja ya kuiwasha bustani nzima. Ziwashwe zile zilizo juu ya njia ya zahanati na penye kona za soko, kwa mwanga wa manjano usioumiza macho, na baada ya saa sita upunguzwe nusu. Zaidi ya yote apatikane mtu mmoja, alipwe kitu kila mwezi, wa kupanda na tambara na kuandika katika daftari nambari ya nguzo na siku aliyoipanda.

Mjomba hakupendezwa. Alisema fundi wa kulipwa kila mwezi ataibiwa yeye mwenyewe ngazi. Nikamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba Sungusungu walizaliwa katika ardhi hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walipochoka kuibiwa ng'ombe wakajipanga wenyewe kwa zamu, kwa filimbi na kwa upinde, hata Serikali ikaja kuwatambua. Na kwamba watu walioweza kulinda mifugo iliyotawanyika mbugani hawawezi kushindwa na nguzo zilizosimama mahali pamoja. Yako mengi ya kusemwa juu ya Sungusungu, mengine ya kuhuzunisha, na siku nyingine nitayaandika. Alicheka kidogo, akasema kwamba nguzo hazina maziwa.

Nimemwambia nitatuma fedha za betri mbili za mwanzo, ya mlango wa zahanati na ya kona ya soko, kwa sharti kwamba daftari lifunguliwe kabla ya betri kununuliwa na jina la atakayepanda liandikwe katika ukurasa wa kwanza. Ameahidi kulipeleka shauri hilo kwa mwenyekiti wa mtaa, ingawa angali anashikilia kwamba nguzo mpya zingependeza zaidi.