Amepona, Nani Atampokea?

Mwaka 1984, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nilipelekwa wiki 6 kujifunza kazi katika wodi ya wagonjwa wa akili. Siku ya kwanza sikuondoka karibu na mlango.

Aliyenitoa woga ni mzee mmoja, fundi cherehani. Alikwisha tulia miezi mingi. Alichohitaji ni sindano ya flufenazini tu, ambayo nguvu yake hudumu mwilini wiki 2 hadi 4, wala haimlazimu mtu kulala hospitali. Daktari alikwisha mruhusu. Basi kila Ijumaa alioga, akavaa shati lake safi, akaketi barazani.

“Mwanangu, leo watakuja,” aliniambia.

Niliwaandikia jamaa zake barua 3. Jibu likaja moja: chumba chake kimekwisha pangishwa. Nilimficha. Pengine nawe ungemficha. Mimi hadi leo sijisamehe.

Siku ya kuagana alinishonea kifungo cha sare, akaniomba nikipita mtaani kwao niwaambie kwamba hajambo. Nilikwenda. Ndani cherehani ilikuwa ikilia. Nilipobisha hodi ikanyamaza, na mlango haukufunguliwa.