Kabla Umwambie Mtu Amesahau Paswadi, Iulize Databesi

Wacha nianze na maoni ambayo yataudhi wenzangu tunaoandika programu: mtu akikwambia "sistimu imekataa kuniingiza," mara nyingi yeye ndiye anasema ukweli, na wewe unayemjibu "umesahau paswadi" ndiye unabahatisha.

Hilo jibu tumelikariri kama salamu. Simu ikiingia, hata kabla mtu amalize kueleza, tunamkatiza: umesahau paswadi, bonyeza pale chini ubadilishe. Kama anayelalamika ni mtu mzima, tunaongezea dharau kidogo, ati hawa wazee na teknolojia ni vita. Halafu tunarudi kwa chai yetu tukidhani kazi imeisha. Kumbe hata haijaanza.

Mimi naandika kwa Python, na fremiwaki ninayotumia sana ni Django. Ilizaliwa kwa chumba cha habari cha gazeti moja la Kansas, Marekani, Lawrence Journal-World, na ikatolewa kwa umma mwaka wa 2005. Naipenda kwa sababu inakupa mambo mengi tayari: ukurasa wa kuingia, jedwali la watumiaji, ukurasa wa msimamizi, hata barua pepe ya kubadilisha paswadi. Lakini ukipewa kitu kikiwa tayari ni rahisi kutojua ndani kinafanya nini. Hapo ndipo watu huumia.

Angalia ujumbe wake wa kuingia. Mtu akishindwa, Django inamwambia aweke jina na nenosiri sahihi, na akumbuke kwamba herufi kubwa na ndogo zina tofauti. Ni ujumbe huo huo mmoja. Unatokea ukikosea nenosiri. Unatokea jina lako likiwa halipo kabisa kwa databesi. Na unatokea pia akaunti yako ikiwa imezimwa na mtu mwingine, hata kama paswadi yako ni sahihi kabisa, herufi kwa herufi.

Si bahati mbaya. Imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu ukurasa ukisema "jina lipo ila paswadi si hiyo," mwizi anajua tayari majina gani yapo, kazi yake imebaki nusu. Nakubaliana na hiyo sababu mia kwa mia. Lakini bei yake inalipwa na mtumiaji: kila shida, hata ile hajaisababisha, inafika kwake ikiwa imevaa lawama. Kwa hivyo anayeweza kujua ukweli ni mmoja tu, yule mwenye ruhusa ya kufungua databesi. Na huyo ni wewe.

Mwaka jana niliitwa kuangalia sistimu ya chama kimoja cha akina mama. Si mimi niliyeitengeneza. Ilikuwa kitu kidogo tu: kila mwanachama anaingia, anaona amechanga ngapi, anadaiwa mkopo wa ngapi, basi. Shida niliyoitiwa ilikuwa nyingine, ripoti zilikuwa zinachelewa kufunguka. Lakini nikiwa hapo, mweka hazina akataja kwa kupita tu kwamba kuna mama mmoja "ambaye paswadi humshinda." Ameambiwa abadilishe mara tatu. Kila mara anasema barua pepe haijakuja. Siku hizi hata mikutano haji.

Nikaomba nifungue akaunti yake upande wa msimamizi. Jina lipo. Safu ya last_login, ile inayoonyesha mara ya mwisho mtu ameingia, ilionyesha kwamba aliwahi kuingia vizuri, halafu kimya. Mtu ambaye paswadi humshinda haingii hivyo. Nikashuka chini kidogo, nikaona kisanduku cha "Active" hakina alama. Akaunti ilikuwa imezimwa.

Nani alizima? Django huweka kumbukumbu ya kila badiliko linalofanywa kwa ukurasa wa msimamizi: nani, lini, na sehemu gani imeguswa. Nikafungua hiyo historia. Katibu ndiye alikuwa ametoa alama, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwa chama, "active" ni mtu anayechanga. Huyo mama alikuwa amekosa michango ya miezi miwili mtoto wake akiwa amelazwa, kwa hivyo katibu akatoa alama ili orodha ionyeshe ukweli. Kwa Django, hiyo alama haimaanishi michango. Inamaanisha mtu aruhusiwe kuingia au asiruhusiwe.

Sasa ona vile mlango ulifungwa mara mbili. Akijaribu kuingia, anaambiwa paswadi si sahihi. Akijaribu kubadilisha paswadi, ukurasa unamwambia angoje barua pepe, lakini Django haitumi hiyo barua kwa akaunti iliyozimwa, na haisemi kwamba haijatuma. Hapa pia sababu ni usalama. Kwa hivyo huyo mama aliketi na simu akingoja barua ambayo haingekuja hata angengoja mpaka Krismasi.

Tulipompigia, alichosema ndicho kimenifanya niandike haya. Alisema, "Kijana wangu, mimi nilijua mmenitoa kwa chama, mkaogopa kuniambia." Miezi yote hiyo hakuwa anafikiria paswadi. Alikuwa anafikiria pesa yake ya miaka imeenda, na marafiki zake wamemtenga akiwa na mgonjwa hospitalini. Kurekebisha kulichukua mbofyo mmoja. Kurudisha roho ya mtu kulihitaji mwenyekiti aende kwake nyumbani.

Ndiyo maana nasema iulize databesi kwanza. Na kuiuliza si uchawi, kuna mpangilio wake.

Swali la kwanza: huyu mtu yupo? Usitafute jina moja tu useme hayupo. Django inahesabu "Wanjiku" na "wanjiku" kuwa watu wawili tofauti, na kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa bila kuulizwa. Ukurasa wa kuingia unaokuja na Django huiambia simu isifanye hivyo, lakini wengi wetu hutengeneza ukurasa wetu mrembo na kuacha hiyo sehemu nje. Na kama jina la kuingilia ni namba ya simu, hapa Kenya hiyo ni kesi peke yake. Mtu alijisajili akianza na 07, leo anaandika 2547, kesho anaweka alama ya kujumlisha mbele. Kwake ni laini ile ile. Kwa databesi ni watu watatu. Chagua muundo mmoja, na ufanye programu ibadilishe namba yenyewe kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Usimwachie mama mboga hiyo kazi.

Swali la pili: akaunti yake iko wazi? Hiyo ni is_active, tumeshaizungumzia.

Swali la tatu: nenosiri limehifadhiwaje? Django haiweki nenosiri lenyewe. Inaweka maandishi marefu yaliyosagwa, na kwa mipangilio ya kawaida yanaanza na pbkdf2_sha256. Ukiona kwa hiyo safu kuna neno la kawaida kama jina la mtoto na mwaka, basi kuna mtu aliingiza watumiaji moja kwa moja, labda kutoka kwa faili la Excel, bila kupitia create_user au set_password. Watu hao wote hawataingia hata waandike paswadi sahihi mara mia, kwa sababu Django inatarajia kilichosagwa na inakuta nafaka nzima. Na hapo umegundua shida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: siri za watu zimelala wazi.

Lakini tafadhali, usimuulize mtu paswadi yake ndiyo "uijaribu." Kila siku tunawaambia wazazi wetu wasimpe mtu yeyote PIN ya M-Pesa, hata akijiita nani. Halafu sisi wenyewe tunawapigia simu tukiomba nenosiri? Tunawafundisha kutapeliwa. Mtumie njia ya kuweka jipya, umalize.

Swali la nne: anaingia halafu anatupwa nje? Hiyo si paswadi tena, hiyo ni sesheni. Ukishaingia, Django huweka alama yako kwa jedwali la django_session na kukupa kuki kwa simu yako, na kwa kawaida hukaa wiki mbili. Ukibadilisha SECRET_KEY, sesheni zote zilizokuwepo zinakufa. Kuna watu wameandika programu ikitengeneza hiyo SECRET_KEY upya kila seva ikiwaka, halafu wanashangaa kila mara wakipakia toleo jipya watumiaji wote wanalalamika. Na kama umeweka SESSION_COOKIE_SECURE lakini tovuti bado inafunguliwa kwa http bila s, kuki haikai. Mtu anaweka paswadi sahihi, anakubaliwa, halafu anarudishwa kwa ukurasa ule ule wa kuingia kama mbuzi anayezunguka kigingi.

Swali la tano, na hili ndilo linafanya watu walie: databesi unayoiuliza ndiyo ile yenyewe? Mradi wa Django huanza na SQLite, ambayo ni faili moja tu, db.sqlite3. Kwa laptopu yako ni sawa. Lakini seva nyingi za bure au za bei ya chini zina diski ya muda. Ukipakia toleo jipya, kila kilichoandikwa hapo tangu toleo la mwisho kinapotea. Watu waliojisajili jana leo hawapo. Hawajasahau chochote, wamefutwa. Kama kuna pesa au majina ya watu, hamia databesi inayokaa mahali pake, kama PostgreSQL, na ufanye nakala ya akiba.

Na hapa nifike kwa ugonjwa unaoniudhi kuliko yote. Ukiona kosa linasema jedwali la auth_user halipo, au migresheni hazipatani, ushauri utakaopewa haraka na kila mtu ni, "Futa databesi, futa mafaili ya migresheni, anza upya." Kwa mwanafunzi anayejifunza, sawa, fanya hivyo upate usingizi. Lakini watu wanazoea. Siku moja wanaifanya kwa sistimu iliyo na watu ndani. Kosa linapotea kweli, ukurasa unafunguka vizuri, na miaka mitatu ya michango imeenda nalo.

Mara nyingi shida ni ndogo tu. Jedwali halipo kwa sababu hakuna aliyeendesha migrate kwa seva, au programu inasoma databesi tofauti na ile unayofikiria. Endesha showmigrations kwanza, uone zipi zimepita na zipi bado. Angalia mipangilio inaelekeza wapi. Shida ikiwa kubwa kweli, kwa mfano mtu amebadilisha AUTH_USER_MODEL mradi ukiwa katikati, chukua nakala, jaribu kwa nakala, na uende polepole. Wenyewe waliotengeneza Django wanashauri hiyo modeli ya mtumiaji ipangwe tangu mwanzo wa mradi, kwa sababu kuibadilisha baadaye ni kazi ngumu.

Nitaambiwa hizi ni kelele, kwamba fundi analipwa kwa kumaliza kazi, si kwa kupiga simu za pole. Sawa. Lakini hesabu mwenyewe. Maswali matano hayo yanakula dakika kumi. Jibu la "umesahau paswadi" linakula sekunde tano, halafu linamwacha mtu peke yake na maelezo atakayojitungia. Na mtu akijitungia maelezo kuhusu pesa zake, hajitungii ya kumfurahisha.

Kwa kile chama, tulifanya vitu viwili. Neno "Active" lilitolewa kwa ukurasa wa msimamizi, pakaandikwa "Anaruhusiwa kuingia." Halafu tukaongeza safu nyingine kabisa ya "Anachanga," ili katibu awe na mahali pa kuweka alama zake bila kufungia mtu nje. Django ina tafsiri ya Kiswahili tayari, unaiwasha kwa mstari mmoja wa mipangilio. Lakini tafsiri peke yake haingesaidia hapa. Lugha iliyokosekana ilikuwa kati ya aliyetengeneza sistimu na aliyeitumia: neno moja, maana mbili, na mama mmoja katikati.

Kwa hivyo ukipigiwa simu leo uambiwe mtu ameshindwa kuingia, mwambie hivi: "Ngoja niangalie upande wetu kwanza." Halafu uangalie kweli.