Kazi ni Kulea

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aghalabu methali hii hutajwa katika arusi, katika mahafali na katika insha za mitihani, hata makali yake yakafifishwa na mazoea. Kwa mwalimu mmoja wa shule ya upili jijini Nairobi, makali hayo yalinolewa upya mbele ya tangi la kioo la lita 200 lililowekwa pembeni mwa sebule yake.

Ndani ya tangi hilo iliishi jozi ya diskasi. Samaki huyu asili yake ni bonde la mto Amazon, na alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1840 na Johann Jakob Heckel wa Austria, aliyempa jina la Symphysodon discus. Umbo lake ni bapa na la mviringo mithili ya kisahani. Ni wa ukoo mmoja na perege wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, ilhali perege jike huyahifadhi mayai yake kinywani, diskasi amejaliwa njia ya ajabu zaidi: vifaranga wake hula ute utokao katika ngozi ya wazazi, wa mama na wa baba sawia. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza na wenzao wa Brazili walieleza kuwa protini na kingamwili huongezeka katika ute huo wakati wa kutaga, wakaulinganisha na maziwa ya mamalia. Tofauti ni kwamba hapa baba naye hunyonyesha.

Mwalimu aliwanunua samaki hao mwaka uleule binti yake wa miaka tisa aliporudi kuishi naye. Mamake mtoto alikuwa ameenda kufanya kazi ughaibuni, na tangu umri wa miaka miwili mtoto alikuwa amelelewa na nyanyake kule Mwingi. Baba alipeleka karo, sare na pesa za matumizi kila mwezi bila kukosa. Hata hivyo, jioni ya kwanza walipoketi mezani, mtoto alimwomba ruhusa ya kunywa maji, kama aombavyo mgeni.

Kumfuga diskasi kwahitaji subira. Hupenda maji laini yenye asidi kidogo na joto la nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Kila jioni mwalimu aliondoa sehemu ya maji ya tangi na kuongeza mengine yaliyokuwa yamelala katika pipa ili klorini ipungue. Katikati ya tangi alipindua chungu cha maua, maana samaki hawa hutaga juu ya kitu kilichosimama wima. Hawakukawia. Jike alipanda akishuka, akiyabandika mayai safu kwa safu, na dume akamfuata nyuma akiyarutubisha. Asubuhi ya pili, chungu kilikuwa kitupu. Wazazi walikuwa wameyala mayai yote. Walitaga tena, wakayala. Mara ya tatu nayo ikawa ni yale yale.

Wafugaji wenzake walimpa ushauri uliokuwa na mashiko. Akitoe chungu pamoja na mayai, akiweke katika chombo kingine chenye hewa na dawa ya kuzuia ukungu, kisha awalishe vifaranga kwa mkono wake. Si jambo geni. Mmarekani Jack Wattley alipata sifa kubwa katika karne ya 20 kwa kuwalea vifaranga wa diskasi mbali na wazazi wao kwa chakula chenye kiini cha yai. Njia hiyo huokoa wengi ambao wangeliwa au kuambukizwa vimelea vya wazazi.

Kwa upande mwingine, wapo wafugaji wanaodai kwamba vizazi vilivyotengwa hivyo husahau kulea. Isitoshe, kuna aina iliyotoka Thailand na kuenea katika miaka ya 1990, iliyopendwa kwa rangi yake nyangavu. Diskasi wa kawaida huwa mweusi zaidi wakati wa kulea, na vifaranga huifuata rangi hiyo nzito. Aina hii haiwezi kujitia giza, kwa hiyo vifaranga hupotea, wakakusanyika kwenye kichujio wakidhani ndicho mzazi. Mwanadamu aliutafuta uzuri, mtoto akaipoteza njia ya kwa mamake.

Maelezo hayo yalimchoma mwalimu kuliko alivyotarajia. Je, mtoto aliyelelewa mbali amepungukiwa na nini? Na mzazi aliyetuma pesa tu, alikuwa mzazi au kichujio?

Jozi ilipotaga mara ya nne, aliamua kutokigusa chungu. Aliacha taa hafifu usiku ili wazazi wayaone mayai, akafunika upande mmoja wa tangi kwa gazeti ili wasishtuliwe na wapitao. Kwa muda wa siku mbili na nusu hivi wazazi waliyapepea mayai kwa mapezi yao kwa zamu. Mayai yakaanguliwa, watoto wakaning'inia juu ya chungu wakitikisa mikia. Aliyeanguka aliokotwa kwa kinywa na kurudishwa. Hatimaye, siku ya tano tangu kutagwa, waliachana na chungu, wakaogelea kama wingu dogo hadi ubavuni mwa dume.

"Baba, wananyonya baba yao!" binti alipaza sauti.

Mwalimu wa lugha alitaka kumsahihisha, kwamba samaki hadonoi ziwa, hivyo neno lifaalo ni kudonoa. Akajizuia. Neno la mtoto lilikuwa limebeba maana kubwa kuliko lake. Dume lilipochoka lilijitikisa ghafla na kuondoka, na vifaranga wote wakamhamia jike. Baada ya muda jike naye akawarudisha.

Usiku wa pili umeme ulipotea. Kipasha joto kikazima, pampu ya hewa ikanyamaza. Kipimajoto kiliposhuka hadi nyuzi 26, mwalimu alilizungushia tangi blanketi, akabaki amesimama asijue la kuongeza. Ndipo binti alipomweleza kuwa nyanya, vifaranga vya kuku vikipigwa na mvua, huvitia kikapuni pamoja na chupa ya maji moto. Wakachemsha maji kwenye jiko la gesi, wakajaza chupa, wakazifunga vizuri na kuziteremsha tangini moja baada ya nyingine. Mtoto alishika tochi; baba alichota maji kwa kikombe na kuyamwaga taratibu ili yapate hewa. Umeme ulirudi saa kumi alfajiri. Asubuhi walihesabu pamoja vifaranga waliosalia, wakapata 43.

Kuanzia wiki hiyo binti alipewa kazi ya kuangua mayai ya artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, katika chupa yenye hewa kwa muda wa siku moja, ili vifaranga wazoee chakula kingine. Ilipofika wiki ya tatu, wazazi walianza kuwakimbia watoto wao.

"Wamewachoka?" mtoto aliuliza.

"La, wanawaachisha," baba akajibu. Kisha, baada ya kimya kirefu, akaongeza: "Mimi nilikuachisha mapema mno, mama."

Mtoto hakujibu. Alinyunyiza uduvi tangini, akatazama matumbo ya vifaranga yakigeuka rangi ya chungwa. Likizo ilipofika walisafiri pamoja hadi Mwingi. Baba alikwenda kumshukuru nyanya, si kwa kumtunzia mtoto tu, bali pia kwa kikapu na chupa ya maji moto ambavyo yeye, pamoja na vitabu vyake vyote, hangevikumbuka.

Ama kweli, kulea ni kazi, na ni kazi isiyomalizwa na mkono mmoja. Jioni hiyo kule Mwingi, mtoto aliona kiu, akainuka na kujichotea maji mtungini. Akajaza kikombe cha pili, akampelekea baba yake bila kuulizwa.