Wezi Wasiojua Kuiba

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu mkubwa aliniletea filamu ya Kitaliano, I soliti ignoti, iliyoongozwa na Mario Monicelli mwaka 1958. Tuliitazama sebuleni watu watano, mimi, bibi yao na wajukuu watatu, huku nikiwafasiria wadogo maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha. Tulicheka hata mama yao akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini.

Kisa chenyewe, ndugu msomaji, ni cha mji wa Roma katika miaka ya shida baada ya vita. Mwizi mmoja aitwaye Cosimo anakamatwa akijaribu kuiba gari. Akiwa gerezani anapata siri ya nyumba isiyokaliwa na watu, ambayo ukuta wake umepakana na ofisi ya rehani yenye sefu. Siri hiyo anaporwa kwa hila na Peppe, bondia asiyejua kupigana, ambaye mchezaji wake ni Vittorio Gassman. Peppe anakusanya kikosi. Yumo Tiberio, mpiga picha aliyekwisha kuuza kamera yake, ambaye mkewe amefungwa kwa sigara za magendo, naye hana budi kutembea na mtoto mchanga mkononi hata katika shughuli za wizi. Yumo na mzee Capannelle, ambaye kila umwonapo anatafuna kitu. Kwa kuwa hakuna hata mmoja ajuaye kufungua sefu, wanakwenda kwa fundi mstaafu wa kazi hiyo, mchekeshaji mashuhuri Totò, naye anawapa somo juu ya paa la nyumba kwa utaratibu na heshima zote, kama mwalimu wa chuo cha ufundi.

Kila wanalolishika linawaponyoka. Cosimo akiisha kutoka gerezani anaingia peke yake katika ofisi ya rehani na kumwelekezea karani bastola. Karani, ambaye kazi yake ni kupokea vitu, anaichukua, anaigeuzageuza, kisha anamtajia bei yake. Hapo mjukuu wangu mdogo alianguka chini kwa kicheko. Lakini baadaye huyo huyo Cosimo anajaribu kupokonya mkoba njiani, anagongwa na tramu, anakufa, na nyumba yetu ikanyamaza. Filamu nyingi za kuchekesha zisingethubutu kufanya hivyo.

Usiku wenyewe wa kazi wanatoboa ukuta kwa jasho jingi. Ukuta unaanguka, nao wanajikuta wakitazama jiko la nyumba ile ile waliyomo. Sefu haipo, ipo sufuria ya makaroni kwa dengu. Basi wanakaa chini, wanakula.

Monicelli na wenzake walikusudia kuidhihaki filamu iliyotoka Ufaransa mwaka 1955, Rififi, ambamo duka la vito linaibwa kwa muda wa karibu nusu saa bila mtu kutamka neno. Hiyo nayo nimeiona. Wezi wake niliwastahi kama mtu amstahivyo mwashi hodari, lakini sikuwapenda. Hawa wa Roma niliwapenda mara moja, na nadhani najua sababu. Nilifanya kazi kiwandani miaka ishirini na minane. Mtu yeyote aliyewahi kulegeza nati kwa spana isiyo saizi yake, huku mwenzake aliyetumwa vipuri hajarudi na msimamizi anatazama saa, anamfahamu Peppe bila kuambiwa. Mipango ni mizuri, vifaa ni vibovu, na tumbo ni tupu. (Zile filamu za wezi waliovaa suti nzuri, ambao hawatoki hata jasho, nawaachia vijana.) Waingereza nao walikuwa na mkono wa kazi hii: katika The Lavender Hill Mob ya mwaka 1951 karani mpole anaiba dhahabu na kuiyeyusha iwe vinyago vya mnara wa Eiffel, kisha baadhi yake vinauzwa kwa makosa kwa wasichana wa shule.

Hata hivyo jambo moja lilinikera, nami nililiona baada ya kuzima. Ofisi ya rehani huweka mali ya nani? Si ya matajiri. Ni pete ya ndoa ya mama fulani, saa ya marehemu baba, shuka zilizowekwa ili mtoto apate dawa. Filamu haituonyeshi hata mmoja wa watu hao. Tungewaona, sidhani kama tungecheka vile.

Mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Mwaka 1984 tulikuwa tumepanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, nami nilikuwa nimenunua redio kwa akiba ya miezi mingi. Usiku mmoja mwizi aliingia. Aliishika redio gizani, akabonyeza mahali asipopajua, nayo ikalia kwa sauti yake yote. Nyumba nzima iliamka. Alikimbia akiwa ameikumbatia, ikimwimbia njia nzima, nasi tukaifuata sauti mpaka mtaroni, alikotumbukia.

Sikuhitaji kumpiga. Redio ilikuwa imekwisha kupatikana. Nilimpiga mara mbili kwa ufagio, na wengine walikuwa na vitu vizito kuliko ufagio. Alikuwa akisema, "Jamani, si hiyo hapo, chukueni." Mke wangu ndiye aliyeshuka mtaroni akasimama juu yake kwa kanga moja, akatutukana sote mpaka mgambo wakafika. Walimchukua akitembea kwa mguu mmoja. Jina lake sikupata kulijua, wala sikuuliza.

Kisa hiki wajukuu wanakijua, maana kwa miaka mingi nilikisimulia kama kichekesho, nikikomea pale redio inapolia. Jumamosi, katikati ya filamu, bibi yao alikimalizia. Mjukuu wangu wa pili, msichana wa miaka kumi na mmoja, akageuka akanitazama.

"Babu, yeye alikuwa na njaa kama hawa?"

Nilimwambia sijui. Akaomba turudishe nyuma, atazame tena pale wanapokula makaroni.