Uchovu wa Ughaibuni na Jua la Saa Mbili

Uchovu unaowaandama Waafrika Mashariki wanaoishi Ulaya ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini huzidi kati ya Novemba na Machi. Mtu analala usiku kucha na bado anaamka mwili mzito. Akifika kazini anapiga miayo hadi mchana, na siku ya mapumziko inaishia kitandani. Ndugu waliobaki Tanga au Mombasa husema ni kubeba maboksi, au ni upweke. Yote mawili yapo. Hata hivyo sababu inayostahili kutajwa mwanzo, na ambayo hupuuzwa kuliko zote, ni mwanga.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana wake hautofautiani hata kwa saa moja kati ya mwezi mmoja na mwingine. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. London, iliyo nyuzi 51 kaskazini, katikati ya Desemba hupata jua saa mbili asubuhi na kulipoteza kabla ya saa kumi alasiri. Stockholm hubaki na saa sita tu za mchana. Anayeingia zamu saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni anaweza kumaliza juma zima bila kuliona jua.

Mwili hupokea habari za wakati kwa njia ya macho. Ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwangaza na kupeleka taarifa kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili. Taarifa hiyo ndiyo inayozima melatonini, homoni ya usiku. Taa za ofisini kwa kawaida hutoa mwanga wa luksi 300 hadi 500, ilhali nje, hata mawingu yakiwa yametanda, mwanga hufika luksi maelfu kadhaa. Ndiyo maana matembezi ya nusu saa asubuhi, jua likishachomoza, yana faida kuliko kukaa chini ya taa kutwa. Nyumbani kazi hii ya kupata mwanga hufanyika bila mtu kuipangia ratiba: kufagia uwanja, kuchota maji, kusubiri daladala. Ughaibuni lazima ipangiwe muda, ama kwa kushuka basi vituo viwili kabla, ama kwa kula chakula cha mchana huku mtu akitembea. Kwa wanaotunza wazee usiku utaratibu hugeuka: mwanga mkali mwanzoni mwa zamu, miwani ya giza njiani kurudi, na mapazia mazito chumbani.

Jua hilohilo ndilo linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, miale inayohitajika haitoshi, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kukaa dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo huizuia miale hiyo. Upungufu ukizidi huleta maumivu ya mifupa na misuli kukosa nguvu. Tangu 2016 mamlaka za afya za Uingereza zinashauri mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa vuli na baridi, na mwaka mzima kwa wenye asili ya Afrika na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili. Samaki wenye mafuta, kama sadini na samoni, huongeza kiasi fulani. Kumeza vidonge kupita kipimo hakuongezi nguvu. Hulimbikiza kalisi katika damu na huweza kudhuru figo.

Mtu angedhani Waswahili wa Muscat na Dubai wamesalimika. Upungufu wa vitamini D umeenea huko pia, kwa sababu joto huwafungia watu ndani. Oman hupiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Huko uchovu mwingi hutokana na jasho, na dawa yake ya awali ni maji na kivuli.

Chakula kina mchango mkubwa, hasa kwa wanawake, ambao hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Sahani ya ugali, maharage na mchicha ina madini hayo, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Kachumbari yenye ndimu na kipande cha chungwa, vinavyoandamana na sahani hiyo nyumbani, husaidia kwa sababu ya vitamini C. Katika fleti ya Leicester au Minneapolis mboga hugandishwa, chungwa husahaulika, na kinachobaki ni kikombe kikubwa cha chai ya rangi kando ya sahani. Chai hiyo, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia sehemu kubwa ya chuma kuingia mwilini. Haina haja ya kuachwa. Isogezwe mbele kwa saa moja au mbili.

Kahawa hudhuru usingizi kimyakimya: saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Simu nayo ina lake. Saa kumi na mbili asubuhi ya Dar es Salaam, wakati makundi ya ukoo yanapoanza kutumiana salamu na habari za misiba, ni saa tisa usiku London wakati wa baridi. Minneapolis ni saa tatu usiku, pale mtu anapotaka kulala. Kuinyamazisha simu hadi asubuhi si kuwatupa ndugu, nao wakielezwa wataelewa.

Kurudi nyumbani kwenyewe si tiba. Anayerejea Nairobi au Dar es Salaam na kuishi kati ya gari, foleni, kiti cha ofisini na soda atachoka vilevile, jua likiwa juu ya paa lake. Ughaibuni nako kuna neema zake: jioni ndefu za Juni, bustani za kutembea, na vipimo vya damu.

Uchovu unaodumu wiki kadhaa upelekwe hospitali, hasa ukiambatana na kupungua uzito, jasho la usiku, kiu isiyoisha, hedhi nzito au kukoroma sana. Daktari anaweza kupima damu, sukari na tezi ya shingo. Anayepata homa na uchovu baada ya safari ya nyumbani, hata miezi kadhaa baadaye, apimwe malaria siku hiyohiyo na ataje wapi alikuwa, kwa kuwa miaka ya ughaibuni hupunguza kinga aliyokuwa nayo, na daktari wa huko huenda asiifikirie malaria.